Pumzi Tatu, Safu ya Kumi na Nne

Sauti ilikwaruza kwenye vipaza:
"Kama kuna muganga ndani ya ndege,
tunaomba ajitambulishe."
Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili,
kisha Kifaransa tena, kana kwamba ugonjwa
husikia zaidi ukisihiwa kwa lugha ya ofisi.

Nilikuwa dirishani, mkoba wa vitenge magotini.
Miaka kumi na tisa wodini, Bukavu.
Miezi minane bila mshahara.
Asubuhi ile, Goma, kwenye karatasi ya abiria,
mbele ya neno Kazi
niliandika: mfanyabiashara.
Wino haujakauka, wananiita.

Pumzi ya kwanza nilimwachia daktari.
Lazima yupo. Mashati yote haya yaliyopigwa pasi,
hakosekani mmoja.
Pumzi ya pili nilitazama chini:
Tanganyika, bluu isiyo na mkunjo.
Nikajiambia, Nabintu, wewe umeshaaga.
Umekabidhi funguo za kabati la dawa.
Pumzi ya tatu sitaisimulia vizuri.
Ilikuwa na uso wa mtoto mmoja wa Kadutu
na chupa ya oksijeni iliyokuwa tupu.

Nikafungua mkanda.

Mzee alikuwa mchuuzi wa jibini ya Masisi,
magurudumu manne ndani ya gazeti, mapajani.
Jasho baridi. Shati limemganda.
Alikuwa akibishania bei
na mtu asiyekuwepo.
"Kalewa huyo," jirani yake akasema,
akavuta goti lake pembeni.
Niliinama, nikamnusa kinywa.
Jibini. Jibini tu.

Mwadi, mhudumu, alileta sanduku jekundu
ambalo lakiri yake haikuwahi kuvunjwa;
akaivunja kwa meno.
Nikatia kipimo cha moyo masikioni, nikasikia injini.
Moyo wa mtu haushindani na propela.
Nikakivua, nikarudi kwa vidole vyangu viwili,
ambavyo havijawahi kunidai betri.
Mapigo yalikimbia kama mtu aliyeiba.

Ndipo mwanamke wa safu ya tisa
akanyoosha mkono juu ya viti, bila neno,
ameshika kipimo chake mwenyewe cha sukari.
Ncha za vidole vyake zilikuwa zimejaa matundu.
Tone moja.
Thelathini na moja.

"Baba Sebuhoro, meza mate." Akameza.
Basi. Kinachomeza mate kitameza na Fanta.
Kijiko, subiri. Kijiko, subiri.
Sukari ya pakiti za kahawa nikampaka kwenye ufizi
kama tunavyowapaka watoto.

Mwadi akarudi kutoka mbele:
"Rubani anauliza, tushuke Kalemie
au tuendelee Luano?"
Anamuuliza nani?
Nikageuka nyuma. Hakukuwa na mtu.
Miaka kumi na tisa nimesema "ndiyo, docteur",
hata pale docteur alipokosea,
na leo ndege nzima, na mizigo yake, na tumbo lake la mafuta,
inaning'inia angani ikingoja mdomo wangu.

"Mwambie anipe dakika kumi."

Sijawahi kuishi dakika ndefu hivyo.
Mtoto alilia nyuma, akanyamazishwa.
Mtu alisali kwa Kiswahili cha Katanga.
Mzee alipunguza bei, akaipandisha, akanyamaza,
kisha akafungua macho, akanitazama:
"Mama, nani amenimwagia Fanta?"

Sabini na nne.

"Lubumbashi," nikasema,
na sauti ilikuwa yangu.

Luano, vumbi jekundu, joto la lami.
Machela ilikuja na gurudumu moja linalolia.
Alikataa kulala juu yake kabla hajanipa
gurudumu zima la jibini, zito kama kichanga.

Afisa wa uhamiaji akaisoma karatasi yangu,
akanitazama: mikono inayonata,
sukari kwenye mkono wa blauzi.
"Mfanyabiashara. Wa nini?"

Mkoba wa vitenge niliuacha ndegeni.

"Jibini," nikasema,
akagonga mhuri.